Atari ST studioni: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu kompyuta ya zamani na MIDI

Atari ST ilianza kuuzwa mwaka 1985, na kilichoitofautisha na kompyuta nyingi za nyumbani za wakati huo ni matundu mawili ya MIDI, lugha ambayo ala za muziki na kompyuta hutumia kuwasiliana, yaliyojengwa ndani yake tangu kiwandani, moja la kupokea na jingine la kutuma. MIDI yenyewe ilikuwa bado changa, kwa kuwa ilionyeshwa hadharani Januari 1983, pale kinanda cha kampuni ya Sequential kilipounganishwa kwa waya na kinanda cha Roland vikawasiliana. Hadi leo wapo wanamuziki wanaopanga nyimbo zao kwenye Atari, na maneno mengi yamezagaa juu yake: wengine huisifu kana kwamba ina uganga, wengine huiona takataka iliyosalia mezani kwa mazoea. Nafikiri pande zote mbili zinaikosea haki mashine hii, kwa sababu ubora wake unaelezeka na mipaka yake inapimika.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba Atari huupa wimbo sauti ya zamani, yaani ule uzito na joto ambao watu huuhusisha na miaka ya 1980 na 1990. Ukweli ni kwamba sauti haipiti kabisa kwenye waya wa MIDI. Kinachopita ni amri: nota fulani ianze, ipigwe kwa nguvu kiasi fulani, kisha iachwe. Anayezitekeleza amri hizo ni kinanda, mashine ya ngoma au sampula (kifaa kinachopiga sauti zilizorekodiwa) iliyo upande wa pili wa waya, na sauti unayoisikia ni ya chombo hicho. Ndani ya Atari imo chipu ya sauti ya YM2149 yenye sauti tatu tu, ambayo wapenzi wa muziki wa michezo ya kompyuta wanaithamini sana, lakini katika kazi ya kupanga nota za MIDI haihusiki. Vivyo hivyo, anayeinunua ST akitumaini kurekodia sauti za waimbaji atakuwa amenunua kisichomfaa, kwa kuwa programu zilizotumika sana juu yake zilirekodi nota, wala si mawimbi ya sauti. Ni baadaye, mwaka 1992, Atari ilipotoa Falcon030 yenye prosesa maalumu ya kuchakata sauti, ndipo kurekodi sauti kulipokuwa sehemu ya kawaida ya uwezo wa kompyuta za kampuni hiyo.

Jambo la pili, nalo ndilo linalozusha ubishi mkali zaidi, ni muda. Husemwa kwamba muda wa Atari hauna kosa hata kidogo, na kwamba hakuna kompyuta ya leo inayoweza kuufikia. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo ina msingi mzuri. Tundu la MIDI la ST lina chipu yake linayoitumia bila kushirikiana na vifaa vingine, upo mtambo wa kuhesabu muda karibu na prosesa ya Motorola 68000 inayokwenda kwa megahezi 8, na mfumo wa uendeshaji huendesha programu moja tu kwa wakati mmoja. Programu ya muziki ikitaka kutuma nota, inaituma. Haisubiri foleni ya barua pepe, intaneti na kazi nyingine kumi zinazoendelea kwa siri. Hiyo ndiyo sababu ngoma zinazoendeshwa na Atari hukaa mahali pake kwa uthabiti ambao mpigaji anausikia.

Hata hivyo waya wa MIDI una kasi isiyobadilika ya biti 31,250 kwa sekunde, iwe unatoka kwenye kompyuta ya mwaka 1985 au ya mwaka huu. Amri ya kuanzisha nota ina baiti tatu, na kila baiti husafiri ikiwa na biti 10 pamoja na za kuanzia na kumalizia, hivyo nota moja huchukua takribani milisekunde 0.96. Ukipanga nota nane zilie kwa pamoja, zitapita moja baada ya nyingine, na ya mwisho itafika karibu milisekunde 7.7 tangu utumaji uanze. Baadhi ya vifaa hupunguza pengo hilo kwa kutorudia baiti ya kwanza ya amri zinazofanana, lakini haviwezi kuliondoa lote. Tena, programu kama Creator ya kampuni ya C-Lab iligawa robo nota katika sehemu 192. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika kila sehemu ni kama milisekunde 2.6, na nota yoyote uliyoipiga kati ya sehemu mbili ilibidi iegemee mojawapo. Wapangaji wazoefu walilijua hilo, ndiyo maana waliweza kusogeza nota za vinanda vya kujaza nyuma kwa kiasi kidogo sana ili ngoma ya mguu ipite kwanza bila kugombania waya.

Nusu ya pili ya kauli ile haisimami. Ni kweli kwamba kisanduku cha MIDI cha USB cha bei nafuu, kikiwa kwenye kompyuta iliyoelemewa na kazi, kinaweza kuyumba kuliko Atari. Lakini vipo visanduku vilivyobuniwa vizuri ambavyo havina tatizo hilo, na ala zinazoishi ndani ya programu ya leo hazipiti kwenye waya wowote, hivyo nota nane zinaweza kuanza katika chembe ileile ya sauti. Uthabiti wa Atari ni wa kweli pale tu unapoendesha ala za nje.

Wanaoidharau nao huanza na kumbukumbu. Megabaiti moja, waliyokuwa nayo wanunuzi wa 1040ST kuanzia mwaka 1986, inaonekana kichekesho kwa anayepima kwa gigabaiti. Lakini nota ni kitu chepesi: hata tukikadiria baiti 12 kwa kila nota pamoja na muda wake, nota 10,000 hazizidi baiti 120,000. Kinachojaza nafasi haraka ni mikunjo ya sauti na mabadiliko ya mfululizo, ambayo ni busara kuyapunguza.

Chaneli 16 za MIDI, yaani njia zinazotenganisha amri za ala mbalimbali kwenye waya mmoja, nazo si ukomo wa mashine nzima, bali ni ukomo wa tundu moja la kutuma. Kampuni za C-Lab na Steinberg zilitengeneza vifaa vya kuongeza matundu vilivyochomekwa kwenye Atari, na kila tundu lililoongezwa lilileta chaneli zake 16.

Wengine huamini kwamba ala za leo haziwezi kuelewana na kompyuta ya zamani hivyo. Lugha ya MIDI 1.0 haijafutwa, na kinanda kipya chenye tundu la pini tano kitaipokea amri ya Atari bila swali. Tatizo liko kwa ala zenye USB peke yake, ambazo zinahitaji kisanduku cha kati chenye uwezo wa kuiendesha USB. Wimbo wenyewe unaweza kuhama kutoka kizazi hadi kizazi ukihifadhiwa kama faili sanifu la MIDI kwenye diski ya flopi ya kilobaiti 720 iliyofomatiwa kwenye PC, kwa kuwa mashine zote mbili zinaisoma.

Pana dhana moja inayowagharimu watu fedha, nayo ni kwamba ukishapata kompyuta umemaliza. Creator na mwenzake Notator, nayo ya C-Lab, zinahitaji skrini ya nyeusi na nyeupe, kama SM124 ya Atari yenyewe, na televisheni haitoshi. Programu hizo, pamoja na Cubase iliyozaliwa kwenye Atari mwaka 1989, hulindwa na ufunguo, yaani kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la katriji. Diski halisi bila ufunguo wake haifungui kitu, na ufunguo huo uchomekwe mashine ikiwa imezimwa. Anayeagiza kutoka Marekani akiwa Mombasa au Dar es Salaam akumbuke kwamba mashine ya huko imetengenezwa kwa volti 120, na ikichomekwa ukutani kwetu bila transfoma ya kushusha umeme itaungua. Kapasita za ugavi wa umeme zikaguliwe na fundi kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza. Na kwa kuwa nota zote hukaa kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika, hifadhi kazi kwenye diski kila unapomaliza kipande, kisha fanya nakala ya pili kwenye diski nyingine, kwa sababu flopi nyingi zilizopo sasa zina umri wa miaka 30.