"Nitilie RAM, Fundi": Yanayosemwa Mezani na Yalivyo

Wiki iliyopita mama mmoja anayefanya kazi ya kupiga chapa karibu na Posta aliniletea laptopu yake, HP EliteBook 840 G3, mtumba wa Uingereza kama nyingi tunazotumia hapa Mombasa. Alikuwa ameshaiongezea RAM (kumbukumbu ya muda, pale kompyuta inapoweka kazi iliyo mkononi) kwengine, kutoka GB 4 hadi 12. Na bado, akiiwasha asubuhi, alikuwa anapata nafasi ya kuteremka ngazi, kunywa kahawa vikombe viwili na kashata, akapanda tena, na Word haijafunguka.

"Fundi, RAM niliyouziwa ni feki."

Haikuwa feki. Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikatokea, lile dirisha la Windows linaloonyesha mashine inatumia nini na kiasi gani. RAM iliyotumika: GB 3 na ushei kati ya 12. Diski: asilimia 100, na haishuki. Nikafungua mfuniko wa chini, nikakuta diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka. Mama alikuwa amenunua dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, na anayekuja na ugonjwa wa aina hiyo si yeye peke yake.

"Laptopu ikiwa nzito, RAM ni kidogo"

Ukenda Biashara Street kununua leso, utaona kaunta mbele na stoo juu. Leso zilizotandazwa kaunta ndizo mnazozungumzia bei. Zilizobaki ziko stoo. Kaunta ndiyo RAM, stoo ndiyo diski. Kaunta ikiwa finyu, kila mteja akitaka jozi nyengine lazima moja ikunjwe irudishwe juu ndipo nyengine iteremshwe, na kijana wa duka hushinda kwenye ngazi. Huo ndio upungufu wa RAM: kompyuta huanza kuazima nafasi kwenye diski na kila kitu hukwama. Lakini ikiwa kaunta ni pana na ngazi ndiyo mbovu, hata leso ya kwanza itachelewa. Kuongeza kaunta hakutengenezi ngazi.

Diski ya kuzunguka ina mkono unaotembea juu ya sahani kutafuta kila faili, na safari moja huchukua kama milisekunde 10 au zaidi. SSD, diski ya kisasa ya chipu, haina kitu kinachotembea. Hufika kwa sehemu ya kumi ya milisekunde, au chini ya hapo. Windows ikiwaka husoma maelfu ya vijifaili, kwa hiyo tofauti hiyo ndogo ikijumlishwa ndiyo kile kikombe cha pili cha kahawa. Tulimtilia SSD, tukahamisha kila kitu chake kama kilivyokuwa, na sasa mashine huwa tayari kabla hajavaa miwani.

Utajuaje ugonjwa wako ni upi? Laptopu inayosumbua tangu kuwashwa, hata kabla hujafungua chochote, itazame diski kwanza. Inayowaka vizuri kisha ikalemea kadiri unavyofungua kurasa za intaneti, na Task Manager inaonyesha RAM imepita asilimia 85 au 90, hiyo kweli ina njaa ya RAM. Kwa siku hizi GB 4 ni mateso, GB 8 zinatosha kazi za ofisi na masomo, na GB 16 ni za mtu wa kuhariri video au asiyejua kufunga kurasa (mke wangu, kwa mfano).

"RAM ni RAM, mradi iingie"

Hapa ndipo watu wanapoliwa. RAM huja kama kadi ndogo, na ina vizazi: kadi ya laptopu ya DDR3 ina pini 204, DDR4 260, DDR5 262, na kile kijipengo katikati ya pini kimewekwa pahali tofauti kusudi usichanganye. Nimeletewa sloti, yaani tundu la kuchomekea kadi, iliyovunjika meno kwa sababu mtu alikandamiza DDR4 kwenye DDR3 akidhani inahitaji nguvu. Haihitaji. Kadi huingizwa kwa mshazari, kiasi cha nyuzi 30, kisha husukumwa chini taratibu mpaka vibanio viwili vya pembeni vilie *tak*. Isipokwenda kwa kidole, si yake.

Mtego mbaya zaidi ni ule unaoingia vizuri. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, na ndugu yake DDR3L hutumia 1.35. Kipengo ni kimoja, pini ni zilezile, kwa macho huzitofautishi. Laptopu nyingi zenye prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel za kizazi cha nne, zilizoanza kutoka 2013, zinataka ile ya volti 1.35. Ukitia ya 1.5, skrini hubaki nyeusi na unaanza kumtukana fundi. Soma lebo: iliyoandikwa PC3L ni salama kote kuwili, iliyoandikwa PC3 bila L ni ya mashine za nyuma ya hapo.

Kinyume chake, kuna hofu isiyo na msingi kwamba kadi mbili lazima ziwe za kampuni moja na kasi moja. Si lazima. Ukiweka ya kasi ya 2400 pamoja na ya 3200, zote mbili zitakwenda kwa 2400, kama watu wawili wanaotembea pamoja humfuata mwenye hatua fupi. Hata GB 4 na GB 8 hukaa pamoja. Ni kweli kwamba jozi inayolingana humwezesha prosesa kusoma kadi zote mbili kwa wakati mmoja, na mwenye kucheza gemu ataiona tofauti. Wa kuandika barua hataiona.

"Kila laptopu huongezeka RAM"

Hasha. MacBook Air haijawahi kuwa na sloti ya RAM tangu ya kwanza ya 2008. Imetiwa lihamu kwenye bodi. ThinkPad X1 Carbon ni hivyo hivyo, na nyingi nyembamba zinazopendeza dukani. Nyengine ziko nusu kwa nusu: ThinkPad T440s ina GB 4 za lihamu na sloti moja kando. X240 ina sloti moja tu, kwa hiyo kuongeza maana yake ni kuitoa ya zamani na kuweka kubwa zaidi. T480 ina mbili, na ndiyo maana mafundi tunaipenda.

Kabla hujatoa shilingi, fungua Task Manager, ukurasa wa Performance, halafu Memory. Chini kulia huandikwa sloti zinazotumika ni ngapi kati ya ngapi, pamoja na kasi ya kadi iliyomo. Kisha ukasake jina kamili la modeli yako ujue mwisho wake ni GB ngapi. Anayenunua laptopu ya lihamu anunue ya kumtosha siku ile ile.

Mashine yenye Windows ya biti 32, ile aina ya zamani, haioni zaidi ya GB 4 hata ukiijaza 16. Badilisha Windows kwanza. Na wanaokuja siku hizi wakisema "niongezee RAM nipate Windows 11", baada ya Windows 10 kuachwa mkono tarehe 14 Oktoba 2025: Windows 11 yenyewe inadai GB 4 tu. Kinachowakwamisha ni prosesa. Kwa Intel, orodha rasmi huanzia kizazi cha nane hivi, na 840 G3, kama ile ya mama, ni ya kizazi cha sita. RAM haibadilishi umri.

"RAM ikijaa ni mbaya, isafishe"

Zipo programu zinazojitapa kufagia RAM. Hufanya hivi: huyasukuma yaliyomo kurudi stoo kwa nguvu, namba inashuka, unafurahi. Dakika mbili baadaye unahitaji yaleyale, yanateremshwa upya, na umepoteza muda mara mbili. Windows hutumia RAM iliyo bure kuweka vitu ulivyovigusa karibuni, ikijua utavirudia, na huviachia mara nafasi ikihitajika. Kaunta tupu haiuzi leso.

Hadithi ya kuchomeka flashi ya USB iwe RAM nayo ina asili. Windows Vista ya 2007 ilikuja na ReadyBoost, iliyotumia flashi kama akiba ya kusaidia diski za polepole. Haikuwa RAM hata wakati huo, na mwenye SSD haimfai kitu.

Ukitoa RAM picha zako hazipotei. Haina picha ya mtu; umeme ukikatika husahau yote.

Joto letu

Jambo hili hulioni kwenye video za mafundi wa Ulaya. Mtu anatia RAM, asubuhi mashine inaruka, saa nane mchana wa Februari imelala. Hiyo ni panka iliyoziba. Vumbi na unyevu wa pwani huganda kwenye mapezi ya shaba kama pamba chafu, prosesa inakaribia nyuzi 100, nayo hujipunguza kasi isiungue. Brashi, hewa ya kupuliza na grisi mpya ya prosesa hufanya zaidi ya GB 16.

Hewa ya chumvi nayo hudanganya. Laptopu inakataa kuwaka, taa ya Caps Lock inapepesa, mwenyewe kaambiwa RAM imekufa. Itoe, itazame pini zake juani: mara nyingi zimefifia, zina weusi. Zisugue kwa raba laini ya penseli, polepole, usije ukakwangua dhahabu, upanguse makombo, uirudishe. Kadi nyingi nilizoletewa kama maiti zimefufuka hivyo. Ila kabla ya kugusa chochote ndani, chomoa chaja na ukate betri ya ndani. Kwenye ThinkPad nyingi betri huzimwa kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, bila hata kufungua kitu.

Ukishatiliwa kadi, usikubali skrubu zikazwe kabla hujaona GB zako zote zimesomwa. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched, kipimo cha RAM cha Windows, iache ijipime yenyewe. Kadi nzuri hupita kimya. Mbovu hutajwa pale pale, nawe ungali umesimama mbele ya meza ya fundi, pesa mkononi.