Hiyo RAM irudishe dukani kwanza

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alipanda ngazi hadi kwangu hapa Luthuli Avenue, Nairobi, kompyuta kwapani, vipande viwili vya RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, mfukoni. "Fundi, niwekee hizi GB 16, leo jioni nacheza." Nikafungua kifuniko. Dell OptiPlex 9020, ile nyembamba, prosesa i5-4590, tayari ina GB 8 katika vipande viwili vya GB 4, kadi ya grafiki, ile ya kuchora picha za gemu, hakuna. Nikamwambia gemu aliyoitaja haitachezeka hata akijaza GB 32. Akaniangalia kama mtu anayenyimwa haki yake. "Lakini rafiki yangu aliongeza RAM na yake ikakubali!"

Huyo rafiki nasikia habari zake kila wiki, na nimechoka naye. Ubaya ni kwamba hadanganyi. Yake ilikubali kweli, na ndiyo maana ni vigumu kuwatoa watu kwenye imani hii.

Mashine isiyo na kadi huchora picha kwa grafiki zilizomo ndani ya prosesa. Kwa i5-4590 ni Intel HD 4600. Grafiki hizo hazina kumbukumbu yao wenyewe, hukopa RAM, na hugombania RAM hiyo na prosesa. Sasa, mashine nyingi za mtumba ninazopokea huja na kipande kimoja tu. Kipande kimoja ni njia moja: DDR3 ya 1600, aina ya RAM ya mashine hizi, hupitisha GB 12.8 kwa sekunde. Ukichomeka cha pili kwenye tundu sahihi, njia zinakuwa mbili, unafika GB 25.6. Kwa hiyo rafiki alipoongeza GB 4 juu ya GB 4, kilichomwokoa hakikuwa ukubwa. Alifungua njia ya pili bila kujua. Gemu yake iliyokuwa ikikwamakwama ikapata nafuu ya kuonekana kwa macho, naye akaitangaza RAM mtaa mzima.

Kijana wangu njia zote mbili alikuwa nazo. Atoe vya GB 4, aweke vya GB 8, kasi itabaki 25.6 ile ile. Linganisha na GTX 1650, kadi ya mwaka 2019: ile yenye GDDR5, kumbukumbu ya kadi yenyewe, hupitisha GB 128 kwa sekunde, mara tano, na haigawani na mtu. Pengo hilo huwezi kuliziba kwa RAM.

Halafu kuna namba ya Windows. Windows huruhusu grafiki kukopa hadi karibu nusu ya RAM. Ukiwa na GB 8 utaona kumbukumbu ya grafiki ya kama GB 4, ukiwa na GB 16 utaona kama 8. Watu hunipigia picha ya skrini: "Ona fundi, grafiki imepanda!" Haijapanda. Kilichopanda ni kiwango cha mkopo. Mchoraji ni yule yule, mkono wake ni ule ule.

RAM ina kazi yake, sikatai. Ikijaa, Windows huanza kusukuma vitu kwenye diski, na kama diski ni ya kuzunguka, gemu inaganda. Acha gemu ikiwa wazi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame RAM inayotumika. Ikiwa RAM imefika ukingoni, ongeza. Gemu nyingi za sasa zinataka GB 16, na hata huyu kijana nitamwekea hizo, lakini baada ya kadi.

Na kadi nayo si kuokota yoyote. Tundu la kadi hutoa wati 75 tu, basi. Pawa saplai ya 9020 nyembamba ni ya wati 255 na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kwa hiyo RX 580 unayosukumiwa huko chini, ya wati 185, isahau. Unatafuta kadi ya nusu kimo isiyo na plagi: GTX 1650 ya aina hiyo, au RTX 3050 ya GB 6 yenye wati 70. Soma vizuri, GB 6. Ile ya GB 8 ni kadi nyingine, inakula umeme zaidi na inataka plagi. RX 6400 nayo inavutia, wati 53 pekee, lakini imejengwa kwa njia nne tu za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na mashine. Kwenye mashine ya PCIe 3.0 kama hii, kumbukumbu yake ya GB 4 ikijaa inaanza kukwama vibaya. Mimi siifungi humu.

Kwa hesabu, prosesa ya wati 84 na kadi ya 75 zinaenea ndani ya 255 bila shida. Hapa nakiri hesabu hainitoshi. Pawa saplai hizi zimefanya kazi ofisini miaka kumi kabla ya kunifikia. Nimewahi kufunga kadi za aina moja kwenye mashine mbili pacha. Moja inacheza hadi leo, nyingine ilizima kila gemu ilipopamba moto, na kwa macho hungezitofautisha. Kubadilisha pawa saplai pia si rahisi, maana 9020 inatumia plagi ya Dell yenye pini 8, si ile ya kawaida ya 24. Kwa miaka nilikataa waya wa kugeuza plagi ya 24 iwe ya 8. Siku hizi nauruhusu kwenye kasha kubwa, na bado roho yangu haijatulia.

Baada ya kadi, pima prosesa: shusha ukubwa wa picha (resolution) ndani ya gemu. Fremu, yaani picha kwa sekunde, zisipoongezeka, prosesa ndiyo imekwama, na kadi kubwa zaidi haitasaidia. i7-4790 inaingia tundu lile lile la i5. Ila kama yako ni kizazi cha tatu cha Intel, usitie pesa. Haina AVX2, aina ya maagizo ya prosesa, na zipo gemu mpya zisizofunguka bila hiyo. Kumbuka pia Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na Intel kizazi cha nane kwenda juu. Wachezaji wa Valorant, gemu ambayo kwenye Windows 11 hudai TPM 2.0, hilo linawahusu moja kwa moja.

Kijana alirudi saa kumi na moja jioni, muuzaji amekubali kumrudishia pesa. Kadi nyingi ni nene, huchukua nafasi ya mbili, na kasha jembamba halina huruma. Nikampa rula apime mwenyewe.