Kimya Kilichopunguza Riba: Uingereza, 1888

Katika historia ya madeni ya serikali, ubadilishaji wa deni (yaani kubadili hatifungani, hati za mkopo wa serikali, ziwe za riba ndogo zaidi) ninaoustahi kuliko mwingine wowote ni ule wa George Goschen, Waziri wa Fedha wa Uingereza, mwaka 1888. Kwa pigo moja alishusha riba ya deni la takriban pauni milioni 558, na hakuna mkopeshaji aliyenyimwa mtaji wake.

Hatifungani za deni hilo hazikuwa na tarehe ya kuiva, yaani siku iliyopangwa ya kurudisha mtaji. Serikali ililipa asilimia 3 kwa mwaka, ikibaki na haki ya kurudisha mkopo kwa thamani iliyoandikwa, pauni 100 kwa pauni 100. Bei sokoni ikikaribia 100 au kuipita, ni dalili kwamba zipo fedha nyingi zinazoridhika na riba ndogo zaidi. Hapo Hazina humwambia mkopeshaji: pokea riba mpya, au chukua fedha zako.

Neno hilo halina nguvu kama halisadikiki. Mwaka 1884 Hugh Childers, Waziri wa Fedha wa wakati huo, aliwaomba watu wabadilishe kwa hiari, wakaitikia wachache. Goschen alianza na fungu lililoitwa New Threes, kama pauni milioni 166, ambalo sheria iliruhusu lilipwe bila notisi ndefu. Asiyetaka alitakiwa aseme; aliyenyamaza alihesabiwa ameridhia. Wengi mno walinyamaza.

Mafungu mawili makubwa yaliyobaki, Consols na Reduced, yalidai notisi ya mwaka mzima, kwa hiyo kimya kisingetosha. Waliokubali mapema waliongezewa shilingi 5 (robo ya pauni) kwa kila pauni 100, na madalali na mabenki wakapewa kamisheni. Kwa maoni yangu kamisheni hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko tunavyoisifia, kwani mwenye akiba aliyeishi mbali na London alimsikiliza dalali wake kabla ya kumsikiliza waziri. Hatifungani mpya zililipa asilimia 2¾ hadi 1903, kisha 2½, kwa ahadi kwamba hazitakombolewa kabla ya 1923. Waliokataa kabisa walirudishiwa fedha zao kwa sheria ya ulipaji wa deni ya 1889.

Hazina ikaokoa karibu pauni milioni 1.4 kwa mwaka, na maradufu ya hapo baada ya 1903. Lakini akiba hiyo ilitoka mifukoni mwa watu. Aliyekuwa na mtaji wa pauni 10,000 alizoea kupata 300 kwa mwaka. Zikawa 275, halafu 250. Wajane na mayatima waliotunziwa mali na wadhamini ndio waliobanwa zaidi, maana sheria iliwazuia wadhamini hao kuwekeza popote walipotaka. Ndiyo maana naipa uzito Sheria ya Uwekezaji wa Amana ya 1889: iliongeza orodha ya mahali palipokubalika, zikiwemo hatifungani za kampuni za reli, na mdhamini akaweza kutafuta riba bora bila kuvunja sheria.