Ushuru wa korosho, ushuru wa bati: tunachodhani kuhusu wabunge wa Kusini

Dhana: CCM wanapenda ushuru, wapinzani hawautaki.

Haya husemwa sana kwenye maghala ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, Masasi hadi Liwale, na ndiyo yaliyo mbali kabisa na ukweli. Juni 2018 Serikali ilipeleka bungeni marekebisho ya Sheria ya Tasnia ya Korosho ya 2009, ili fedha zote za ushuru wa korosho ghafi ziendazo nje ziingie Mfuko Mkuu wa Serikali. Awali asilimia 65 ilirudi kwenye zao lenyewe: pembejeo, miche, utafiti. Waliopinga? Hawa Ghasia wa Mtwara Vijijini na Nape Nnauye wa Mtama, wote wa CCM, upande mmoja na Katani Ahmed Katani wa Tandahimba, wa chama cha upinzani cha CUF. Hakuna kati yao aliyekuwa akidai ushuru ufutwe. Ugomvi ulikuwa fedha ziende wapi, na uligawanyika kwa mikoa, si kwa vyama.

Muswada wa Fedha wa bajeti, uliobeba marekebisho hayo, ulipita. Wabunge wa Kusini ni wachache, na ibara ya 90 ya Katiba inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti. Mbunge wa chama chochote analijua hilo anapopiga kura, nasi tunaomhukumu tulikumbuke.

Dhana: ushuru wa korosho anaulipa mgeni.

Anayekwenda kuulipa forodhani ni msafirishaji, kweli. Lakini kiwango, asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kipi kikubwa, anakijua kabla ya mnada. Anakiondoa kwanza kwenye hesabu yake, ndipo anaandika bei ya kilo. Sehemu ya mzigo inamwangukia mkulima wa Newala, ndiyo maana ana haki kamili ya kuuliza fedha hizo zimefanya nini.

Dhana: mbunge akibanwa vizuri atashusha ushuru wa bati na mafuta ya kula yatokayo nje.

Hawezi peke yake. Tangu 2005 viwango hivyo ni vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki: asilimia 0, 10, 25, na tangu Julai 2022 kimeongezwa 35, mbali na bidhaa nyeti kama sukari zenye viwango vya juu zaidi. Wanaokubaliana ni mawaziri wa nchi wanachama, na nchi ikitaka tofauti huomba kibali, kwa kawaida cha mwaka mmoja. Kwa hiyo anayekuahidi bati la bei nafuu jukwaani, muulize amempelekea Waziri wa Fedha hoja gani, na kama aliipeleka kabla bajeti ya Juni haijasomwa.