Oysterbay na Masaki si Mtaa Mmoja

Wiki iliyopita ofisa mikopo wa benki moja alinirudishia ripoti ya uthamini wa nyumba iliyopo Oysterbay, Dar es Salaam, akiwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Tumia mauzo ya Masaki, eneo ni lile lile." Alitaka niipe nyumba hiyo bei kwa kuilinganisha na zilizouzwa Masaki. Kijana mwenyewe ni mstaarabu, na nilipompigia simu aliniamkia vizuri kabla hatujaanza kubishana. Nilimuuliza kama amewahi kutembea kwa miguu kutoka ufukwe wa Coco Beach, Oysterbay, hadi kwenye ncha ya Rasi ya Msasani, kule Masaki. Akacheka. "Mama, kule si ushuani tu, mwanzo mpaka mwisho?"

Nimeisikia kauli hiyo kwa mabenki, kwa mawakili wa mirathi, kwa madalali ambao wangepaswa kuona aibu, na hata kwa wathamini wenzangu. Leo nimechoka kuinyamazia.

Linakotoka kosa hili nakujua. Hati nyingi za huko nilizowahi kuzishika zimeandikwa kiwanja namba fulani, Rasi ya Msasani, bila kutaja Masaki wala Oysterbay, na kiutawala yote mawili ni mitaa ndani ya Kata ya Msasani, Manispaa ya Kinondoni. Lakini ndani ya kata hiyo hiyo mna Makangira, Mikoroshini na Bonde la Mpunga, ambako masika yakikolea watu hupandisha magodoro juu ya meza. Hakuna benki iliyowahi kuniomba nitumie mauzo ya Bonde la Mpunga kuthamini nyumba ya Toure Drive kwa sababu kata ni moja.

Historia nitaipita mbio. Waingereza waliifanya Oysterbay kuwa makazi ya Wazungu, katika mji uliogawanywa uzunguni, uhindini na uswahilini, na baadaye lugha ya mipango miji ikausitiri ubaguzi huo kwa kuuita ujazo wa nyumba: mdogo, wa kati na mkubwa. Viwanja vikawa vipana, ekari nzima si ajabu, nyumba ya chini yenye paa la vigae ikikaa katikati na kibanda cha watumishi kikijificha nyuma. Baada ya Uhuru wakaingia viongozi na watumishi wakubwa wa Serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyingi ya nyumba za Serikali ziliuzwa kwa watumishi waliokuwa wakiishi humo, uamuzi ambao hadi leo ukitajwa kijiweni chai hupoa.

Matokeo ya historia hiyo ni kwamba ukibisha hodi Oysterbay, mara nyingi anayekufungulia ni mwenye nyumba au mtoto wake. Mwaka juzi nilikwenda kukagua nyumba ya namna hiyo. Nikamkuta mzee mstaafu, kikoi kiunoni, akimwagilia mchicha mahali ambapo bila shaka bibi wa Kiingereza alipanda maua. Kulikuwa na mti mkubwa wa mkungu ulioinua sakafu ya baraza kwa mizizi yake, madirisha ya mbao yaliyovimba kwa unyevu, na waya za umeme za enzi ambazo sikutaka kuzikisia. Alinizungusha kila chumba akinieleza nani alilala wapi. Ilinibidi nimwambie, kwa adabu zote nilizofundishwa nyumbani, kwamba nyumba yenyewe haina bei. Chenye bei ni kiwanja, na atakayekinunua ataibomoa kabla wino haujakauka. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mkungu nao utakatwa.

Sasa panda juu uende Masaki, upande wa kaskazini wa rasi, ambako kuna Hoteli ya Sea Cliff kwenye ncha na Slipway upande wa ghuba. Huko atakayekufungulia geti ni mlinzi wa kampuni, atakuandika kwenye daftari, atapiga simu juu, na aliye juu ni mpangaji. Wasomaji wengi hudhani wageni wa Masaki wamenunua. Hawakununua, na sababu ni ya kisheria: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Mtumishi wa shirika la kimataifa aliyekuja na mkataba wa miaka mitatu hana njia nyingine ila kupanga, na mara nyingi pango halitoki mfukoni mwake bali hulipwa na mwajiri. Mtu asiyelipa mwenyewe habishanii bei ya fleti. Hubishania jenereta, maji, ulinzi, na umbali hadi shule, maana sekondari ya International School of Tanganyika iko huko huko Masaki.

Ndiyo maana mtaa huo una majira yake, na hayafuati mvua. Shule zikifungwa katikati ya mwaka, malori ya kuhamisha samani hujaa barabarani, dada wa kazi wanatembea na barua za sifa kutoka kwa bosi anayeondoka kwenda kwa bosi anayekuja, na mbwa hubadilisha jina. Migahawa huzaliwa na kufa kwa kasi ambayo mimi siwezi kuifuata. Majirani hawajuani, si kwa sababu wana kiburi kama watu wanavyodai, bali kwa sababu aliyekuwa jirani mwezi Mei si huyu wa Septemba.

Kwa mthamini, hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wangu na yule kijana. Jengo la fleti Masaki nalithamini kwa mapato: pango linaloingia, miezi ambayo vyumba hukaa vitupu, gharama za kuendesha, kisha kiwango cha faida ambacho mwekezaji angekitaka. Nyumba kuukuu ya Oysterbay naithamini kwa kulinganisha mauzo ya viwanja. Ukichukua bei ya jengo linalozaa pango kila mwezi ukaibandika kwenye kiwanja chenye mkungu na mchicha, huo si uthamini, ni ramli. Mikataba mingi ya Masaki niliyoisoma miaka ya nyuma iliandikwa kwa dola; kanuni za mwaka 2025 zimekataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, lakini mpangaji na mwenye nyumba bado wanafikiri kwa dola, na hesabu zangu hazina budi kulikumbuka hilo. Yule mzee wa Oysterbay hafikiri kwa dola. Yeye anafikiri kwa urithi.

Kisha kuna bahari. Kila mteja ananiambia, "Lakini iko ufukweni!" kana kwamba ameniletea almasi. Rasi ile ni jabali la matumbawe lenye pande mbili. Upande wa mashariki unatazama bahari wazi, na kusi ikivuma hupuliza chumvi moja kwa moja kwenye grili, kwenye viyoyozi na kwenye nondo zilizofunikwa zege jembamba. Nimewahi kubonyeza nguzo ya kibaraza kwa kidole gumba na plasta ikaanguka yenyewe, kutu ikachungulia. Upande wa magharibi unatazama Ghuba ya Msasani, umetulia, na haikutokea kwa bahati tu kwamba klabu ya mashua na Slipway viko huko. Zaidi ya hayo, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae umbali wa mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mwenye kiwanja kinachogusa maji ana kipande ambacho kwenye karatasi ni chake na kwenye uthamini ni kichwa kinachoniuma. Nimeona nyumba ya mstari wa tatu kutoka baharini ikipata mnunuzi kabla ya ile ya mstari wa kwanza.

Tena bahari ya Oysterbay si ya wakaazi wa Oysterbay. Coco Beach ni ya Dar es Salaam nzima: Jumapili jioni wanakuja kwa bodaboda na daladala kutoka kila pembe ya mji, wanakula mihogo ya kukaanga na mishkaki, watoto wanaoga na nguo zao. Wapo wenye nyumba wanaoiona hiyo kuwa kasoro ya mtaa na wananiomba niiandike kwenye ripoti. Huwa siandiki. Mtaa wa gharama ambao mbele yake mji mzima unakuja kupunga upepo una tabia yake, na Masaki haina kitu kama hicho.

Mbezi Beach nayo huingizwa kwenye kapu hili, na hapo nitasema machache tu: ni dunia nyingine kabisa, ya Watanzania waliojenga wenyewe, tofali kwa tofali, wengine kwa miaka kumi, na ambao Jumamosi unawakuta kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa jirani.

Kuta ndefu ndizo zinazonipa shida kuzieleza. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia vijana ninaowafundisha kwamba "geti kali" ya rasi nzima ilitokana na bomu la tarehe 7 Agosti 1998 katika ubalozi wa Marekani, ambao wakati huo ulikuwa Barabara ya Laibon, Oysterbay. Ni maelezo mazuri, yanakaa vizuri darasani. Siku hizi nayatilia shaka. Kuta zimepanda hata mahali pasipo na ubalozi, na nadhani mwizi wa kawaida na fundi mwenye tofali za kuuza wamechangia zaidi.

Shaka kubwa zaidi ni hii, na haimo katika vitabu tulivyosomea. Mauzo tunayoyalinganisha mara nyingi ni uongo. Muuzaji na mnunuzi huandika bei ndogo kwenye mkataba ili kupunguza kodi, na tofauti hupita kwenye begi. Mimi naipata bei halisi kwa kumnunulia dalali soda. Ipo bei elekezi ya Mthamini Mkuu wa Serikali, nayo hunisaidia kujua sakafu iko wapi, lakini dari hainionyeshi. Kwa hiyo ninaposema Oysterbay si Masaki, tabia nina uhakika nazo kuliko tarakimu.

Na hata tabia zinahama. Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022 linatua karibu kabisa na Coco Beach, na tangu hapo wajenzi wa fleti wananipigia simu kuuliza viwanja vya wazee. Ripoti ya yule kijana nimemrudishia bila kubadili hata tarakimu moja. Nimeongeza aya fupi kwamba jengo la ghorofa sita linapanda kwenye kiwanja cha pili kutoka pale, na kwamba nyumba hii ithaminiwe upya baada ya miezi 12. Mkungu wa yule mzee nimepita kuutazama juzi. Bado umesimama, ila fensi ya mabati imeshazungushwa.