Pampasi Kulowa Hakutoshi: Mtazame Mtoto wa Kiume Akikojoa

Mama akiulizwa kliniki kama mtoto anakojoa, hujibu, "Anakojoa, pampasi zinalowa." Kwa mtoto wa kiume jibu hilo halitoshi. Wako wanaozaliwa na utando ndani ya njia ya mkojo, chini kidogo ya kibofu, unaojifunga kama vali kila mkojo unapotaka kutoka. Kibofu husukuma mpaka kuta zake hunenepa, na mkojo uliokosa njia hurudi juu ukazijaza figo. Figo zilizoumia hivyo hutoa mkojo mwingi, mwepesi kama maji, unaodondoka kutwa. Ndiyo maana pampasi zinalowa huku figo zinakufa.

Basi mvue, mtazame. Mkojo ukidondoka badala ya kuruka, akijikamua, au chini ya kitovu pana uvimbe mgumu usionywea akishakojoa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo aliyepitisha saa 24 tangu kuzaliwa bila kukojoa, au mwenye homa isiyo na sababu. Hapa Mombasa kilio chake huitwa mchango, yaani ugonjwa wa tumbo wa watoto, akanyweshwa mizizi wiki nzima. Figo haziwezi kuisubiri wiki hiyo. Brufen nayo asipewe, huziumiza zaidi.

Ultrasaundi huonyesha kibofu kinene na figo zilizotanuka. Pengine huonekana mimba ikipita wiki 20. Hospitalini huanza na mpira mwembamba wa kulishia watoto, namba 5 au 6, unaopitishwa kwenye njia ya mkojo hadi kibofuni. Mpira wenye puto hatuupendi: puto hukikera kibofu, kikajikaza na kuibana mirija inayotoka kwenye figo. Mkojo ukifunguka huweza kutoka kwa wingi wa kutisha pamoja na chumvi ya mwili, kwa hiyo hupimwa kila saa na kufidiwa kwa dripu. Kisha daktari huukata utando kwa kamera nyembamba. Mtoto akiwa mdogo mno kwa kifaa hicho, kibofu hufunguliwa kitundu tumboni kwa muda.

Utando ukishakatwa, kliniki haiishi. Kreatinini (taka ya damu ambayo figo huitoa), presha na protini ya mkojo hupimwa mpaka ukubwani. Kreatinini ikishuka chini ya mikromoli 70 kwa lita mwaka wa kwanza, tuna matumaini makubwa. Wazazi wengi huacha kuvuka feri kuja kliniki wakiona mtoto anacheza. Naye akifika umri wa shule bado anajikojolea mchana, msimkemee: kibofu kilichonenepa hakimwagi vizuri. Mrudisheni.