Nani analalamika? Kuandaa kompyuta yako kabla ya programu ya kwanza

Wengi wanaoanza kujifunza programu hukwama kabla hawajaandika hata mstari mmoja wa maana. Kwenye video wameona mtu anabofya kitufe na programu inafanya kazi; wao wakibofya, yanamwagika maandishi mekundu. Wanafuta kila kitu, wanasakinisha upya, bando linakata, na mwisho wanajiona hawana kichwa cha kazi hii. Nafundisha lugha ya C, na kila kundi jipya naliambia jambo hilohilo: kabla hujauliza kosa ni nini, uliza nani analalamika. Nyuma ya kile kitufe kuna zana kadhaa, kila moja ina kazi yake na namna yake ya kusema imeshindwa. Ukizijua, utajua pa kwenda kutafuta.

Ndiyo maana siku za mwanzo sitaki mtu aguse kihariri kikubwa chenye vitufe. Anza na terminali, uandike amri kwa mkono wako.

Kwa mwenye Windows 10 au 11, ninachopendekeza ni WSL, yaani mfumo endeshi wa Linux unaokaa ndani ya Windows bila kufuta chochote ulichonacho. Fungua PowerShell kama msimamizi, kisha andika:

wsl --install

Zima na uwashe kompyuta. Usipotaja aina ya Linux unayoitaka, utaletewa Ubuntu, nayo itakuomba jina na nywila. Unapoandika nywila hakitaonekana kitu chochote kwenye skrini, hata vinyota. Kibodi ni nzima. Andika tu, ubonyeze Enter. Ubuntu ikigoma kuwaka na ujumbe ukataja neno "virtualization", ingia kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuwaka, ukaiwashe huko: kwenye mashine za Intel tafuta mstari wa Virtualization Technology au VT-x, kwenye za AMD mara nyingi huandikwa SVM.

Laptopu yenye RAM ya GB 4 itaelemewa ikibeba Windows na Linux kwa pamoja. Hapo ama tumia MSYS2, inayokupa GCC, kompaila (zana ya kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), ndani ya Windows yenyewe, ama weka Linux nyepesi kama Lubuntu peke yake. Mimi naegemea Lubuntu. Mashine nyingi za mtumba zinapata uhai mpya nayo, na kila kinachofuata hapa chini kitakwenda vilevile.

Ndani ya Ubuntu, amri za kusakinisha zana ni mbili:

sudo apt-get update
sudo apt-get install build-essential

Ya kwanza usiiruke. Inaleta orodha mpya ya vifurushi, yaani programu zilizofungashwa tayari kwa kusakinishwa. Ukibaki na orodha ya zamani, kompyuta itaomba faili ambazo zimeshaondolewa kwenye seva na utajibiwa 404. Ya pili inaleta gcc kwa ajili ya C, g++ kwa ajili ya C++, make, na libc6-dev, ambamo mna faili kama stdio.h. Ukiona kosa la "stdio.h: No such file or directory", maana yake gcc ipo ila libc6-dev haipo.

Kabla ya kupakua, utaonyeshwa mstari unaoanza na "Need to get", pamoja na idadi ya MB, kisha utasubiriwa ubonyeze Y. Usome mstari huo kila mara, hasa kama intaneti yako inatoka kwenye simu. Na kama mko wengi darasani, hakuna sababu ya kila mmoja kuchoma bando lake. Kwenye mashine moja ambayo bado haijasakinishwa kitu, andika:

sudo apt-get install --download-only build-essential

Faili za .deb zitakaa kwenye folda ya /var/cache/apt/archives. Zinakili kwenye flashi, zipeleke kwenye mashine ya pili, ingia kwenye folda ulikoziweka, kisha:

sudo apt install ./*.deb

Sharti ni moja: mashine ziwe na toleo lilelile la Ubuntu na aina ileile ya prosesa. Ukimaliza, andika gcc --version. Ikitaja namba ya toleo, kompaila ipo.

Sasa tuandike kitu. Kaa kwenye folda yako ya nyumbani ndani ya Linux, si kwenye /mnt/c. Kusoma na kuandika faili za upande wa Windows kupitia WSL 2 ni polepole mno. Andika nano hesabu.c (nano ni kihariri kidogo cha ndani ya terminali), uweke hiki:

#include <stdio.h>
#include <math.h>

int main(void) {
    double x;
    printf("Andika namba: ");
    scanf("%lf", &x);
    printf("Kipeuo cha pili: %f\n", sqrt(x));
    return 0;
}

Hifadhi, kisha jenga:

gcc hesabu.c -o hesabu

Kwenye Ubuntu itakataa. Kati ya mistari itakayotokea, miwili ni hii:

undefined reference to `sqrt'
collect2: error: ld returned 1 exit status

Hapa ndipo wanafunzi wengi hurudi kwenye msimbo na kuanza kuukagua herufi kwa herufi, wanafuta mstari wa math.h na kuuandika tena. Msimbo hauna kasoro hata moja. Tazama herufi mbili, ld. Hilo ndilo jina la linka, zana inayounganisha vipande vya programu, na ndiyo inayolalamika. Kompaila ilishamaliza kazi yake na haina neno.

Unaweza kuthibitisha mwenyewe, kwa sababu gcc inakuruhusu kusimama kwenye hatua yoyote. Andika gcc -E hesabu.c na utaona programu yako ya mistari kumi imekuwa mamia ya mistari: yote yaliyomo kwenye stdio.h na math.h yamemiminwa juu yake. Andika gcc -S hesabu.c na utapata hesabu.s, msimbo uleule katika lugha ya asembli. Uufungue, utafute neno sqrt, utaliona limeitwa. Andika gcc -c hesabu.c na utapata hesabu.o, lugha ya mashine, bila lalamiko lolote. Kilichobaki ni kuunganisha tu, na hapo ndipo penye tatizo.

Faili ya math.h inaiambia kompaila kwamba kuna kitu kinaitwa sqrt, kinapokea double (namba yenye desimali) na kurudisha double. Basi. Sqrt yenyewe, ile inayokokotoa, iko kwenye maktaba nyingine, yaani mkusanyiko wa msimbo ulio tayari, iitwayo libm, na hakuna aliyeiambia linka iende huko. Mwambie wewe:

gcc hesabu.c -o hesabu -lm

Hiyo -lm ikae mwishoni. Linka inasoma kutoka kushoto kwenda kulia, na kwenye Ubuntu maktaba ambayo hadi hapo hakuna aliyeihitaji inaachwa. Ukiitanguliza, kosa linabaki palepale na utadhani ushauri ulikuwa mbovu. Jambo lingine linalowachanganya watu: ukiandika sqrt(2.0) badala ya sqrt(x), programu inajengeka hata bila -lm. GCC imeona namba inajulikana tangu mwanzo, ikaikokotoa yenyewe, na libm haikuhitajika tena.

Kompaila inapolalamika yenyewe, utaitambua kwa jina la faili likifuatiwa na namba ya mstari na namba ya safu, kwa mfano hesabu.c:6:15, kisha neno error. Mara nyingi nukta mkato imesahaulika, na wakati mwingine imesahaulika mstari wa juu ya ule uliotajwa.

"gcc: command not found" ni malalamiko ya mwingine kabisa. Hiyo ni bash, sheli inayopokea amri zako, na gcc haijafikiwa hata kidogo. Sheli hutafuta amri kwenye folda zilizoorodheshwa ndani ya PATH. Andika echo $PATH uzione, zimetenganishwa kwa nukta pacha. Folda uliyomo kwa kawaida haimo kwenye orodha hiyo, na ndiyo sababu programu yako unaiendesha kwa ./hesabu. Anayetumia MSYS2 na mazingira ya UCRT64, kama ameisakinisha mahali pa kawaida, aongeze C:\msys64\ucrt64\bin kwenye PATH ya Windows, kisha afunge terminali na kuifungua upya. Dirisha lililokuwa wazi tangu mwanzo linaendelea kutumia PATH ya zamani.

Ukichoka kurudia amri ndefu, mpe make kazi hiyo: ni zana inayojenga programu kwa kufuata maelekezo uliyoyaandika kwenye faili. Stuart Feldman aliitengeneza Bell Labs mwaka 1976, na hadi leo ipo kila mahali. Tengeneza faili iitwayo Makefile:

hesabu: hesabu.c
	gcc -Wall -Wextra -g hesabu.c -o hesabu -lm

Mstari wa pili unaanza na Tab, si nafasi za kawaida. Ukiweka nafasi utaambiwa "missing separator. Stop." na anayesema ni make. Zile -Wall na -Wextra ziache humo siku zote: zinaifanya kompaila ikuonye mapema juu ya mambo ambayo si makosa ya kisarufi lakini yatakuumiza.

Make haijengi upya kila mara. Inalinganisha muda ambao hesabu.c ilibadilishwa na muda wa hesabu, na ikiona msimbo ni mpya zaidi ndipo inajenga. Kwenye laptopu kuukuu ambayo betri ndogo ya ubao mama imekufa, saa hurudi nyuma kila ikizimwa, na make itatoa onyo la "Clock skew detected". Saa hiyohiyo inaweza kuifanya apt ikatae kusasisha orodha, ikidai faili ya Release "is not valid yet". Rekebisha saa kwanza.

Asiye na kompyuta kabisa aanze na simu ya Android kupitia Termux, programu inayokupa terminali kwenye simu: pkg install clang make (clang ni kompaila nyingine ya C), na mengi ya hapo juu yanawezekana. Faili zibaki kwenye folda ya nyumbani ya Termux, kwa sababu programu iliyo kwenye hifadhi ya pamoja ya simu hairuhusiwi kuendeshwa.

Na unapoomba msaada kwa mtu yeyote, usimtumie picha ya skrini iliyopigwa kwa simu. Yahifadhi maandishi yenyewe:

gcc -Wall hesabu.c -o hesabu 2> kosa.txt

Tuma kosa.txt, amri uliyoiandika, na jibu la gcc --version. Kabla hujatuma, fungua faili hiyo usome kosa la kwanza kutoka juu. Mengi ya yanayofuata yamezaliwa na hilo la kwanza, na ukilirekebisha hutoweka nalo.